Maji Ilinipeleka Kwa Nyumba ya Mkwe

Maji haikuja na kelele. Watu wa mjini wakisikia mafuriko wanafikiria ni kitu inakuja ikikimbia, imebeba ng'ombe, imebeba kitanda. Hapana. Ziwa yetu hapo karibu na Usenge ilikuja polepole kama mgeni mwenye aibu. Asubuhi unakuta imefika kwa ile mawe tulikuwa tunakalia tukichambua omena, hii dagaa ya ziwa. Baadaye unakuta imefika kwa ile nyavu tulikuwa tunaanikia omena juu yake. Halafu choo. Choo ikiingia maji, yawa, hapo ndio unajua huyu mgeni aibu imemwisha.

Mimi nilikuwa nacheka. Niliambia ziwa, "Karibu, lakini viatu toa kwa mlango." Wamama wenye tulikuwa tunaanika omena pamoja wakacheka mpaka mmoja akashika mbavu. Hiyo ndio kazi yangu tangu nikiwa msichana. Mungu hakunipa masomo, alinipa mdomo. Mtu akipita mara moja nimeshika sauti yake, mpaka vile anameza mate.

Halafu maji ikafika kwa kaburi ya mzee wangu, bwana yangu.

Kwetu mtu anazikwa kwa boma yake, karibu na nyumba. Mzee alikuwa amelala upande ya kulia, na simiti juu, na msalaba ya chuma kwa kichwa. Siku moja nafungua mlango naona simiti haiko. Ni msalaba peke yake imesimama ndani ya maji kama mtu anaoga. Ndege mweupe amekalia mkono moja ya msalaba, ananiangalia. Nikamtupia kijiti. Akaruka kidogo, akarudi. Nikaketi kwa mlango nikalia, na ndege hakuondoka.

Nyumba yangu ilikuwa ya matope na mabati juu. Matope ikikunywa maji inarudi tu kuwa matope. Ukuta ya nyuma ikaanza kuvimba, ikapasuka, ikalala. Nilitoa sufuria, nikatoa blanketi, nikatoa kiti ya mzee. Kitanda sikuweza. Ilibaki huko ndani na samaki.

Sasa wewe utaniuliza, mama, hakuna shamba ingine? Iko. Huko juu, ng'ambo ya barabara, kuna shamba ya mzee wangu yenye alikuwa anapanda mahindi, na maji haiwezi kufika. Si ungeenda kujenga huko? Ndio, ningeenda, kama ingekuwa ni matope na mabati tu. Lakini kwetu kuhama boma ni kazi ya bwana. Bwana anashika jogoo, anashika shoka, anabeba moto, anaenda mbele na bibi nyuma, wanapiga kibanda na wanalala hapo. Hapo ndio inakuwa boma. Mjane hawezi kuamka tu akaenda kuchimba msingi. Lazima kwanza mwanaume fulani asimame kwa pahali ya marehemu, na kusimama yenyewe unajua ni kusimama ya aina gani.

Na mimi sikupata kijana. Mungu alinipa msichana moja, na huyo ameolewa.

Basi shemeji yangu akaja, ndugu mdogo ya mzee. Huyu anaweka tumbako kwa pua, kwa hivyo maneno yake yote inapitia huko juu kama moshi. Kwa mila mimi ni bibi yake pia, sababu ni bibi ya ndugu yake. Na yeye hajawahi kusahau hiyo.

"Bibi yangu," akasema, "shamba iko. Mbao tutapata. Mabati yako ya zamani tutaosha. Lakini jogoo, jogoo nani atabeba? Mm? Hapo ndio mimi naingia."

"Unaingia wapi, shemeji?"

"Kwa nyumba. Nalala tu hapo kidogo, mambo ya wazee inaisha, unakaa na amani yako."

Nikamwangalia vile amekonda. Nikamwambia, "Wewe ukibeba jogoo, watu wataona jogoo ndio imekubeba."

Majirani wenye walikuwa wananisaidia kubeba vitu walicheka. Yeye hakucheka. Alipangusa pua, akaniuliza polepole, "Kwa hivyo unakataa?"

"Mimi nimeokoka. Siku tulizika mzee, nilisimama mbele ya kanisa nikasema sitarithiwa. Bwana yangu sasa ni Yesu."

"Sawa," akasema. "Basi mwambie Yesu akuletee jogoo."

Hapo watu wakacheka tena, na hiyo cheko ilikuwa ya kunicheka mimi. Nilisimama nimeshika kiti ya mzee kama mtu anangoja gari kwa barabara yenye gari haipiti.

Na usifikirie nilikuwa naogopa kukosa pahali ya kuishi. Mimi ni mzee, naweza kuishi popote kama paka. Kitu nilikuwa naogopa ni ingine. Kwetu mama akikufa, mwili yake inaingizwa kwanza kwa nyumba yake, inalala hapo, wamama wanaimba mpaka asubuhi, halafu ndio anazikwa. Mama hana nyumba atalazwa wapi? Watapiga haraka haraka kibanda ya aibu, na watu wote wakija kulia watakuwa wanaangalia hiyo kibanda na kunong'ona. Nimeona ikifanyiwa wengine. Mimi mwenyewe nilikuwa kati ya hao wa kunong'ona. Kwa hivyo nikaanza kuomba kitu moja tu. Sikuomba chakula, sikuomba maji irudi. Niliomba nyumba. Hata kama ni ndogo kama banda ya kuku, Mungu, pahali mtu anaweza kusema huyu amelala kwake.

Pasta akatuchukua wenye maji ilitoa, akatuweka kwa kanisa. Tulilala kati ya viti. Pasta yetu ni mtu mzuri, ni mnene, na akihubiri anasimama kwa vidole ya miguu. "Mila imekufa!" anasema. "Imekufa wapi?" Sisi: "Msalabani!" "Nani anaogopa mila?" Sisi: "Hakunaaa!" Halafu anashuka kwa visigino, anapangusa jasho, anauliza kwa sauti ndogo kama ameingia mtu mwingine, "Mama, mmekula?"

Siku moja nikamuuliza, "Pasta, si juzi mama ya bibi yako pia maji ilimtoa kwake?"

"Ndio, mama. Tunashukuru Mungu ako salama."

"Alilala kwako?"

Pasta akakohoa. "Huyo... huyo tulimpatia pahali kwa jirani. Unajua, mama, hiyo sio mila. Hiyo ni heshima tu."

"Heshima," nikasema. "Amen."

Hata yeye alicheka. Lakini maji haikungoja tumalize kucheka. Ilifika kwa kanisa pia. Viti ikaanza kuelea. Kila mtu akaambiwa atafute watu wake, na mimi watu wangu ni msichana wangu peke yake, Kisumu, Kaloleni.

Sasa nieleze hii vizuri, ndio uone vile nilibanwa. Kwetu mama mkwe halali kwa nyumba ya mkwe. Hakuna. Hata kula kwake ni kwa mpango. Kitanda yake haupaswi kuona. Mkikutana kwa njia ndogo, mmoja anaingia kwa majani mpaka mwingine apite. Na ukivunja hiyo, kuna kitu inaitwa chira. Mtu anaanza tu kukonda. Anakonda, anakonda, hospitali wanasema hawaoni kitu, na yeye anaenda tu kukonda mpaka anaisha. Na ubaya wa chira, haishiki lazima yule mwenye kosa. Mimi naweza kulala kwa nyumba ya huyo kijana nikaamka nimenona, na yeye ndio anaisha.

Nyumba zao hapo Kaloleni ni zile za zamani za kaunsil ya mji, za matofali, zimeshikana kama meno. Msichana wangu alikuwa na chumba moja na jiko ndogo ya nyuma. Kitanda huku, viti huku, pazia katikati. Yeye anauza samaki ya kukaanga sokoni. Bwana yake ni fundi ya viti, hii ya sponji na kitambaa, ako na kibanda yake kando ya barabara. Kijana mpole. Akiongea lazima usogeze sikio.

Jioni hiyo alitoka kazini akanikuta nimekaa kwa sakafu karibu na mlango, na kifurushi yangu kwa magoti. Alikuwa ameingiza mguu moja ndani. Akaitoa. Akasimama nje, uso ameangalizia ukuta ya jirani, akaniamkua.

"Misawa, mama."

"Misawa, mkwe wangu. Ingia basi, si ni kwako?"

"Ah, mama... niko na kazi kidogo kwa kibanda. Kuna mtu anataka kiti yake kesho."

Akaenda. Na kesho yake mtu mwingine pia alikuwa anataka kiti. Na kesho yake. Nikamwambia msichana wangu, "Hii Kisumu watu wanakalia nini, viti inaisha hivi?" Yeye hakucheka. Aliendelea tu kupara samaki.

Kwa mfereji mambo ikaanza kuongewa. Kulikuwa na mama jirani, huyo anapiga mswaki kutoka asubuhi mpaka saa nne, anaongea na povu. "Mama," akaniuliza, "kwanhi fundhi sikhu hizhi ako na bibhi mwinginhe? Thunamwona anathokea hukho nje asubhuhi." Nikamjibu na povu yake hivyo hivyo, nikamwambia bibi mwingine ni mimi. Wasichana wa kuchota maji wakaanguka na mitungi kwa kucheka. Lakini nikarudi ndani na ndoo yangu, na hakukuwa na kicheko kwa tumbo yangu. Nilijua sasa, nilikuwa nimeingia kwa nyumba ya msichana wangu kama vile maji iliingia kwa yangu. Polepole. Na adabu. Na ukuta ilikuwa imeanza kuvimba.

Siku moja msichana akalia. Alikuwa anakunja nguo ya bwana yake, akaipelekea pua.

"Mama, bwana yangu analala juu ya sponji ya watu. Mbu inamkula. Anakuja hapa kuoga kama mpangaji."

"Nitaenda."

"Utaenda wapi?"

Hakukuwa na wapi.

"Mama," akasema, na hapo nikajua amezaliwa na mimi, sababu alichukua sauti yangu, sauti yangu yenyewe, akaishika. "'Bwana yangu sasa ni Yesu!' Si hivyo ndio uliambia baba mdogo? Ulikataa mila mbele ya watu wote. Sasa mbona hii ya mkwe unaogopa? Ama Yesu ako Usenge peke yake, hajafika Kaloleni?"

Ningemchapa. Mkono ilikuwa imeinuka. Halafu nikaketi.

Sababu ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeachia Yesu ile mila mimi mwenyewe nilikuwa sitaki. Shemeji na tumbako yake, nani angetaka? Hiyo haikuwa imani kubwa, hiyo ilikuwa pua yangu tu. Lakini hii ya mkwe nilikuwa nayo ndani kwa mifupa. Nikisikia viatu yake nje, moyo inaruka. Nilikuwa naimba "mila imekufa" kwa kanisa na sauti ya juu kuliko wote, na huku nalala kwa sakafu nyuma ya mlango, sitaki mgongo yangu iguse kiti ya mkwe.

Hiyo wiki niliomba vibaya. Naambia wewe ukweli, niliomba vibaya. Nilisema, Mungu, nimekuwa mzigo. Nilikataa mwanaume kwa sababu yako, na wewe umenilipa hivi? Uliona maji ikipanda ukanyamaza. Sasa nichukue. Halafu nikakumbuka hata nikichukuliwa, sina nyumba ya kulazwa. Nikaambia Mungu, basi usinichukue pia. Sikujua sasa niombe nini. Ukifika hapo, pahali hata kifo haiwezi kukusaidia, unakaa tu. Unaangalia ukuta. Msichana anaweka chai, inapoa, anatoa.

Halafu ikaja siku ya mvua ya mawe.

Kisumu mvua inapenda kuja baada ya chakula ya mchana. Jua inachoma, inachoma, halafu mbingu inageuka nyeusi upande wa milima, na upepo inabeba takataka yote. Msichana alikuwa sokoni. Mimi nafunga dirisha, nasikia kitu imeanguka kwa baraza. Nachungulia. Ni mkwe. Ameketi chini, mgongo kwa ukuta, anatetemeka mpaka meno inagonga.

Nikajificha nyuma ya mlango. Ndio, nilijificha. Nikamwongelesha kutoka huko.

"Mkwe, ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Niko sawa tu."

"Uko sawa na meno inapiga ngoma hivyo?"

"Ni homa kidogo. Nangoja mwenye nyumba arudi."

Mwenye nyumba! Ni yeye mwenye nyumba. Mvua ikaanguka, na mawe ndani yake, inapiga mabati ya majirani kama watu wanamwaga mahindi. Hiyo baraza paa yake ni fupi. Nikaona maji inafika kwa magoti yake, inafika kwa kifua. Barafu inaruka inampiga kwa shingo na hatoi hata mkono.

"Ingia ndani!"

"Hapana, mama."

"Mimi nitatoka. Nitaenda kwa jirani, wewe ingia."

"Usitoke, mama. Mvua itakupiga."

Hiyo ndio adabu ya huyo kijana. Angekufa hapo na kuniombea msamaha. Nikaita jirani, yule wa mswaki, lakini mvua ilikula sauti yangu. Nikatoa kichwa. Macho ya mkwe ilikuwa imefunguka lakini haikuwa inaangalia kitu. Alikuwa ameanza kuongea na watu wengine. Alikuwa anaita mama yake.

Mama yake nilimjua. Alikuwa mtu wa upande wa Kombewa, mrefu, na sauti ya kuvuta, kila neno ilikuwa inatoka kama anaichota kwa kisima. Huyu kijana yake, yeye mama ndio alikuwa anamwita mzee, tangu kijana akiwa mdogo, sababu alizaliwa na uso ya kufikiria. Huyo mama alikufa kabla maji haijaanza. Akiwa hai nilikuwa namwigiza mbele yake mwenyewe, na alikuwa anaomba nirudie.

Sikufikiria. Kama ningefikiria singefanya, sababu sauti ya mtu amekufa sio ya kuchezea. Nilifungua mlango yote, nikasimama kwa mvua, nikavuta ile sauti kutoka chini.

"Mzeeee. Wewe mzeeee. Ni nini inakuweka hapo nje kama mbuzi ya watu? Inuka. Ingia kwa nyumba."

Akaacha kutetemeka. Akageuza uso. Na akainuka. Alishika ukuta, akashika mlango, akanishika mimi, mkwe wangu akanishika bega, na tukaingia. Nikamlaza kwa kitanda yake. Kitanda yenye sikupaswa kuona, nikaiona, nikaigusa, nikatoa blanketi yenye ilikuwa juu nikamfunika. Nikamvua shati. Nikampangusa maji kwa kifua na leso yangu ya kichwa, kichwa yangu iko wazi mbele ya mkwe. Hakuna kitu sikuvunja siku hiyo. Kama kuna mzee mahali ako na orodha ya makosa ya mama mkwe, nilimaliza yote kabla mvua haijaisha.

Halafu nikaketi kwa sakafu kando ya kitanda. Sasa amekufa, nikasema. Nimemuua. Kama sio homa ni chira, na kama sio chira ni ile sauti, nimeita mama yake na sasa atakuja kumchukua. Nikashika mguu ya kitanda. Niliomba maneno moja tu, "Sio yeye. Sio yeye. Mimi hapa." Nyumba sikuiomba. Hata sikuikumbuka.

Na hapo, mvua inapiga, ikanijia ile habari tumesomewa kanisani mara nyingi mpaka nikawa nasinzia. Yule mwanafunzi wa Yesu mwenye alikuwa mvuvi. Yesu alienda nyumbani kwake. Na nani alikuwa amelala huko ndani na homa? Mama ya bibi yake. Mama mkwe! Amelala kwa nyumba ya mkwe wake, tena mvuvi kama wetu. Na Yesu hakusimama kwa mlango akauliza, huyu analala hapa kwa nini? Hakusema ampeleke kwa jirani. Aliingia, akamshika mkono.

Mimi nimekaa kanisani mpaka nikazeeka, na hiyo sikuwahi kusikia. Ilikuwa inapita juu ya kichwa kama ndege. Pasta mwenyewe hajawahi kusimama na vidole juu ya hiyo. Nililia, nikacheka, nikalia. Sikusikia sauti kutoka mbinguni. Kijana alikuwa bado anaungua. Lakini niliacha kuangalia mlango. Nikachukua mkono yake nikaishika, mpaka msichana akaingia na karai ya samaki kwa kichwa, akatuona hivyo, karai ikaanguka.

"Mama! Umefanya nini?"

"Tafuta pikipiki," nikamwambia. "Utanipigia kelele baadaye."

Walimpeleka hospitali. Ilikuwa malaria, ya mbu ya kibanda. Akadungwa, akapewa dawa, akarudi amekonda. Usinicheke, mimi nilikuwa naangalia hiyo kukonda kila asubuhi. Naangalia shingo yake. Naangalia vile suruali inakaa. Imani yangu ilikuwa inapanda na kushuka na mshipi yake. Mpaka siku moja akamaliza ugali yote na akaomba ingine, ndio nikapumua.

Hakurudi kulala kwa kibanda. Alipigilia misumari akafunga pazia ya pili, mimi huku karibu na jiko, wao huku. Alikuwa ananiongelesha ameangalia ukuta, lakini sasa ilikuwa ukuta ya ndani.

Siku moja nilikuwa nachagua mchele, yeye ameketi akishona kitambaa ya kiti, mgongo kwangu. Akasema, "Mama. Ile siku ya mvua."

Mikono yangu ikasimama kwa mchele.

"Nilijua ni wewe," akasema. "Mama yangu alikuwa hasemi 'mbuzi ya watu'. Alikuwa anasema 'kondoo ya watu'."

"Sasa mbona uliingia?"

Alivuta uzi, akaikata na meno. "Ni kitambo mtu hajaniita mzee."

Nikarudi kwa mchele. Sikuweza kuona mawe ni gani, mchele ni gani.

Kama ni hadithi ya kanisa tungeishia hapo na mngesema amen. Lakini shemeji alisikia. Habari ya namna hii haihitaji gari. Alikuja Kaloleni na koti yake ya matanga, akaketi kwa kiti, akaweka kofia kwa goti. Aliangalia hiyo pazia mbili kwa muda mrefu.

"Bibi yangu. Kwa hivyo ni kweli. Unalala na mkwe chini ya paa moja."

"Ni kweli."

"Hii kitu itasafishwa na nini? Mm? Sikia. Nimekuja na roho safi. Rudi nyumbani. Kubali vile nilisema, nitakujengea. Usipokubali, mimi sitaki ugomvi na maiti. Siku utaitwa, hakuna nyumba kwetu utalazwa ndani yake. Tutapokea sanduku kutoka kwa gari na kuipeleka shimo moja kwa moja. Kama mtu hana watu."

Aliongea bila tumbako, sauti yake ilikuwa wazi. Na alikuwa ananihurumia. Hiyo ndio iliniumiza. Kama angenitukana ningemwigiza.

Mkwe wangu alikuwa amesimama kwa kona. Kwetu yeye hana maneno mbele ya shemeji yangu, huyo ni baba mkwe wake, anapaswa kuangalia vidole ya miguu tu. Alikuwa anaangalia vidole. Lakini akaongea.

"Mzee," akasema. "Atalazwa hapa."

"Nini?"

"Hapa. Tutatoa viti nje. Wamama wataimba kwa hii chumba. Wakimaliza, ndio tutamleta kwenu."

"Mama mkwe? Alazwe kwa nyumba ya mkwe?"

"Ndio, mzee."

Shemeji alimwangalia, akaniangalia mimi. Akavaa kofia. Chai ilikuwa imewekwa, hakugusa. Kwa mlango aligeuka kama anataka kusema kitu, halafu akaenda.

Msichana wangu alikuwa ameshika ukuta. Ukuta ya pili tulisikia jirani anasukutua mdomo.

Nikasema, "Yesu wangu. Kumbe uko na sauti. Mimi nilikuwa nimeambia watu nimepewa mkwe bubu."

Alicheka na uso kwa ukuta. Msichana akacheka pia, akafuta macho.

Mimi niliingia nyuma ya pazia yangu nikaketi kwa godoro. Niliomba nyumba, nikajibiwa, na jibu ilipitia kwa mlango yenye ningefunga na kufuli kama ufunguo ingekuwa yangu. Nikashukuru. Halafu nikalia na kitambaa kwa mdomo wasinisikie, sababu mzee wangu ako huko chini ya ziwa peke yake. Hata wakiniimbia vizuri namna gani hapa Kaloleni, watanipeleka kulala kwa shamba kavu huko juu, na yeye amebaki kwa maji. Hiyo bado sijaelewa. Nimemuuliza Mungu, na nitamuuliza tena. Msichana aliita kutoka jikoni, "Mama, chumvi iko wapi?" nikapangusa uso na kutoka kumwonyesha.